Nani alikubali? Safari ya Uingereza toka wizi wa maiti mpaka zawadi ya mwili

Kila mwanafunzi wa medesine anajua hii: kuna mambo kitabu pekee hakiwezi kukufundisha. Mushipa unapita wapi, kisu kiingie upande gani bila kuua mugonjwa, unajifunza kwa mwili wa mutu. Lakini ule mwili ulitoka wapi? Nani alikubali? Tuangalie Uingereza, juu wale walipitia karibu makosa yote mbele ya kufika kwa sheria ya maana.

Mwaka 1752 bunge lao liliamua kwamba mutu aliyenyongwa kwa kosa la kuua asizikwe hivi hivi. Mwili wake upasuliwe na waganga, ao utundikwe kwa minyororo watu wauone. Angalia vizuri: kupasuliwa ilikuwa azabu. Elimu ilifungwa pamoja na haya ya muuaji, na ile haya ilikaa ndani ya vichwa vya watu miaka mingi.

Shida ni kwamba wauaji walionyongwa hawakutosha. Masomo ya anatomia yaliongezeka London na Edinburgh, wanafunzi wakajaa, miili ikakosekana. Njo wezi wa makaburi wakapata kazi. Usiku wanachimba, wanavuta maiti, wanaiuzisha. Na sheria waliijua vizuri: mwili wa marehemu haukuwa mali ya mutu, kwa hiyo kuubeba lilihesabiwa kosa dogo tu. Lakini ukibeba na sanda, hapo umeiba mali. Njo maana sanda waliiacha ndani ya kaburi! Kule Scotland, familia zenye feza zilifunika makaburi kwa vyuma. Masikini alilinda lake kwa macho.

Mwisho wa mwaka 1827, kule Edinburgh, mupangaji mumoja alikufa nyumbani kwa William Hare akimwachia deni la pauni 4. Hare na rafiki yake William Burke wakauzisha ile maiti kwenye shule ya Dokta Robert Knox, wakapata pauni 7 na shilingi 10. Kisha wakaona kungojea watu wafe ni kuchelewa. Kwa muda wa karibu mwaka moja waliua watu 16, wengi wao masikini na watu wasio na wa kuwatafuta. Hare alitoa ushahidi juu ya mwenzake, akaachiliwa. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829, akapasuliwa yeye pia, na mifupa yake ingali kwenye iniversite ya Edinburgh mpaka leo. Knox? Hakupelekwa mbele ya tribinali hata siku moja. Muuzaji alikufa, munwuzi akaenda nyumbani.

Kisha kesi ingine kama hiyo kutokea London mwaka 1831, bunge halikuweza kunyamaza tena. Sheria ya anatomia ya 1832 ilileta ruhusa kwa walimu wa anatomia na wakaguzi wa serikali, na ikaondoa azabu ya kupasua wauaji. Wizi wa makaburi ukaisha. Ni mafanikio, tusikatae. Lakini miili mipya ilitoka wapi? Kwenye nyumba za masikini na hopitali, kwa marehemu asiye na ndugu wa kumuzika. Mutu aliweza kukataa mbele ya kufa, ndiyo, lakini asiposema kitu, kimya chake kilihesabiwa kama "ndiyo". Azabu ya muuaji ikawa azabu ya umasikini.

Mwaka ule ule 1832 alikufa muzee Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa London, aliyekuwa ameandika yeye mwenyewe kwamba mwili wake upewe elimu. Rafiki yake Southwood Smith aliupasua mbele ya watu. Mifupa yake, imevalishwa nguo zake, ingali University College London. Watu wengi walimuona kama kichaa. Lakini yeye njo alionyesha njia: mwili unatolewa na mwenyewe.

Ilichukua zaidi ya miaka 170 sheria kumufikia. Kisha watu kugundua kwamba hopitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ilibakisha viungo vya watoto marehemu bila wazazi kuelewa, ilitoka sheria ya 2004. Kwa anatomia inasema wazi: ruhusa ya mwenyewe, kwa maandishi, na shahidi. Mutoto wake ao bibi yake hawezi kusaini kwa nafasi yake.

Na sisi Wakongomani, hii habari inatugusa. Mwaka 1884, karibu na ziwa Tanganyika, watu wa Mubelgiji Émile Storms walimuua chifu Lusinga, wakakata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, likapimwa kwa jina la sayansi. Kule pia hakuna aliyeuliza.

Njo maana nchi yoyote inayotaka kuandika sheria ya kutoa mwili ianze na maswali haya: mwenyewe alisaini? Anaweza kubadilisha mawazo? Nani anakagua? Feza zimekatazwa? Kisha masomo, mabaki yatazikwa wapi, na familia itaitwa? Sheria isiyojibu haya itaangukia masikini, sawa vile iliwaangukia wa 1832.

Wewe msomaji, ungesaini? Na kabla ya kusaini, ungedai nini kiandikwe?