Geti Hadi Geti: Barabara ya Busia na Malaba na Waliosahauliwa Ilipochorwa

Kabla bodaboda haijawa pikipiki ya kila kona ya Afrika Mashariki, ilikuwa baiskeli yenye kazi moja tu: kumtoa abiria geti la Kenya na kumfikisha geti la Uganda. Umbali wenyewe hutajwa kuwa unazidi nusu maili kidogo. Kijana asiye na mzigo angeutembea huku akipiga mluzi. Mama mwenye gunia kichwani na mtoto mgongoni ni habari nyingine, hasa jua la saa saba likiwa limekaa utosini. Matatu haikuweza kumsaidia. Kuvusha gari kulidai karatasi ambazo dereva hakuwa nazo wala hakuwa na muda wa kuzitafuta, basi aligeuza gari Busia na kurudi alikotoka. Katikati pakabaki kipande cha barabara kisicho na usafiri wa umma, na miaka ya 1960 vijana wa mpakani wakakifanya shamba lao. Walisimama na baiskeli zao wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili. Jina likanata.

Hapakuwa na mchoro wa mhandisi wala kibali cha baraza la mji. Huo ndio mtindo wa barabara za Busia na Malaba tangu zianze: serikali hujenga kwa ajili ya mizigo, kisha wenye miguu na magurudumu mawili hutafuta pa kupenya.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko watu wanaouvuka. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamishia jimbo la mashariki la Uganda katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na Wateso na Wasamia wakajikuta na jamaa ng'ambo ya pili. Amri ya mwaka 1926 ikauthibitisha mstari huo. Kwa miongo kadhaa haukuwa na uzito mkubwa kwa mtu wa kawaida, kwa kuwa aliyetawala pande zote mbili alikuwa mmoja. Malaba ilijulikana zaidi kwa reli: njia iliyopita Eldoret ilivuka hapo kuelekea Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Ni baada ya Uganda kupata uhuru mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963 ndipo geti zikaanza kumaanisha kitu.

Baiskeli iliyotumika ilikuwa ile nyeusi, nzito, yenye fremu ya chuma ambayo Wakenya huiita blakimamba. Ilivyotoka dukani haikufaa kubeba mtu mzima. Mafundi wa mpakani waliikaza keria, wakaiwekea kiti cha sponji kilichoshonewa ngozi bandia ya rangi kali, na mara nyingi wakaning'iniza vishada pembeni ili ionekane kwa mbali. Kwenye ekseli ya nyuma waliongeza vyuma vya kukanyagia. Wanawake walipanda kwa upande, miguu yote miwili ikielekea kando ya barabara, mkoba mapajani. Abiria akishuka, kiti hichohicho kilipokea gunia, kreti za soda au mkungu wa ndizi, na mwendeshaji akishindwa kukanyaga pedali alishuka akasukuma.

Kisha ikaja miaka ya magendo. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, na bei ya zao hilo ikapaa duniani kote. Nchini Uganda, Idi Amin alikuwa ameuvuruga uchumi kiasi kwamba mkulima alilipwa fedha ambazo hazikununua hata sabuni. Kahawa ikafuata pesa. Soko la Chepkube, karibu na Mlima Elgon, liligeuka kitovu cha biashara hiyo, na mpaka mzima ukajaa njia za panya. Barabara kuu ilikuwa na askari, vichochoro havikuwa nao, na baiskeli ilipita penye vichochoro. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kilichokuwa kizuizi kikawa ukuta. Hata hivyo biashara ndogo haikukoma, na mji wa Busia uliendelea kukua pande zote mbili za mstari.

Kuna waliopata njia yao kwa sababu nyingine kabisa. Wanaume wenye ulemavu wa miguu, wengi wao kutokana na polio, walianza kuvusha bidhaa Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Maofisa wa forodha hawakuwa na hamu ya kumsimamisha mtu kama huyo na kumtoza kodi, na wafanyabiashara wakaling'amua jambo hilo upesi. Kiti kilichokusudiwa kumbeba mtu kikajengewa sanduku nyuma. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda wameandika jinsi magurudumu hayo yalivyowapa wenyewe kipato na heshima, na wasafirishaji wa Busia wakajulikana kuwa watu wenye fedha. Kwa mtazamo wa forodha huo ni uvujaji wa mapato. Kwa mtazamo wa barabara, ni mfano adimu wa mahali ambapo mtu asiyeweza kutembea alikuwa na njia nzuri kuliko mwenye lori.

Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa, hadi Rais Moi na Rais Museveni walipokutana Malaba siku chache baadaye kutuliza mambo.

Mabadiliko makubwa zaidi ya barabara hayakuletwa na siasa bali na bomba. Mwaka 1994 bomba la mafuta kutoka Mombasa lilirefushwa hadi Eldoret na Kisumu, na hapo likaishia. Mafuta ya Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo yakawa yanapakiwa kwenye matangi ya malori katika miji hiyo miwili na kupelekwa mpakani: yale ya Eldoret hupitia Malaba, yale ya Kisumu hupitia Busia. Ongeza makontena kutoka bandari ya Mombasa, na unapata foleni ambayo kila mkazi wa Amagoro au Korinda anaijua. Trela hukaa upande wa kushoto, moja nyuma ya nyingine, na bega la barabara, ambalo ndilo njia pekee ya mwenda kwa miguu, hugeuka maegesho. Utingo huwasha jiko chini ya trela na kuinjika sufuria. Mwanafunzi anayetoka shule hana budi kukanyaga lami yenyewe, akiwa na trela iliyosimama bega moja na pikipiki inayokuja kasi bega la pili.

Pikipiki nazo zilikuwa zimeanza kuonekana upande wa Uganda mapema zaidi. Kenya ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo za chini ya sisi 250 mnamo mwaka 2008, zile za India na China zikamiminika, na baiskeli ya abiria ikasukumwa pembeni katika mji ulioizaa. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji avae kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga, na abebe abiria mmoja. Inaeleza awe mtu wa namna gani, ila haimwambii asimame wapi. Stendi nyingi za bodaboda zimezaliwa penye njia panda kwa sababu hiyo.

Mpango mkubwa wa kuupanga mpaka upya ulikuwa kituo cha pamoja. Wazo lenyewe ni rahisi: badala ya kusimama mara mbili, msafiri husimama upande anaoingia tu, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa ofisi moja. Kituo cha Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Kenyatta na Rais Museveni tarehe 24 Februari 2018, na kile cha Malaba nacho hufanya kazi kwa utaratibu huohuo. Muda wa malori kuvuka ulipungua sana, na anayebisha hajawahi kulala Malaba siku tatu akingoja muhuri. Lakini ua na mageti mapya yaliwekwa palepale ambapo watu walizoea kupita, na kwa mama mwenye beseni la nyanya kituo cha kisasa kilimaanisha mwendo mrefu zaidi na milango zaidi ya kupitia.

Mwaka 2020 hali hiyo ya kutanguliza mizigo ilifika kileleni. Kuanzia Machi, Uganda ilifunga mipaka kwa watu kwa sababu ya korona na kuruhusu mizigo pekee. Mtaa uliozoea miguu ukabakiwa na malori yaliyongoja madereva wapimwe, mstari wa kilomita nyingi. Januari 2022 madereva waligoma kupinga kipimo cha lazima cha kulipia, na foleni ikarudi tena.

Kwingineko nchini Kenya, michoro ya barabara imeanza kubadilika. Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usio wa magari mwaka 2015, na mwaka 2019 mtaa wa Luthuli uliokuwa umesongwa na magari ulipunguziwa lami na kuongezewa njia ya miguu. Kisumu, jirani wa karibu wa Busia, ilipata mpango wake wa usafiri mwaka 2020, nao unaanza na mwenda kwa miguu. Busia haihitaji kuiga mtaa wa Nairobi. Inahitaji mambo mepesi na yasiyo na sherehe ya kukata utepe: maegesho ya trela nje ya mji, bega la barabara lililoinuliwa kwa ukingo ambao lori haliwezi kuupanda, vivuko vyenye matuta karibu na masoko na shule, stendi ya bodaboda iliyotengwa kabla haijajitenga yenyewe.

Hoja ya kwamba hakuna takwimu haina mashiko. Tangu miaka ya 2000, Ofisi ya Takwimu ya Uganda imekuwa ikituma wahesabu kwenye vituo vya mpakani, Busia na Malaba vikiwemo, kukadiria biashara isiyo rasmi. Wahesabu hao hukaa kando ya njia wakiandika kilichobebwa kichwani, kwenye baiskeli, kwenye mkokoteni na hata kwenye baiskeli za wenye ulemavu. Matokeo huingia katika hesabu za biashara ya nje ya taifa. Mhandisi wa barabara anayetaka kujua ni nani hasa wanaovuka hapo ana pa kuanzia, na safari ya kuyafuata makabrasha hayo ni fupi kuliko foleni ya Malaba.