Mpasha Habari wa Sokoni na Ngomani

Fungua kijitabu chako, maana leo tutasema habari za kazi ambayo wengi huiona ni ya mchezo tu. Ni kazi ya mtu apelekaye gazetini habari za chakula na burudani za mjini. Watu humcheka, husema, "Huyu hulipwa kwa kula na kucheza." Basi twende naye Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, tukamtazame.

Kwanza jina la mahali. Wajerumani walijenga jengo kubwa hapo karibu na kuanza kwa vita ya 1914. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliwaweka hapo wapagazi wao wa vita, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ndimi zao, likawa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi na kwa chakula kibaya. Baadaye pakawa soko, na vyakula vya mji mzima vikapita pale pale.

Magazeti nayo yalikuja. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianzisha Mambo Leo. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka mjini, alianzisha gazeti lake mwenyewe, Kwetu. Nadhani kuwa na duka kulimfaa sana, maana mwenye duka hujua bei ya unga kabla ya kujua bei ya wino. Kisha mwaka 1959 likatoka Ngurumo, gazeti la kila siku la Kiswahili, lililodumu hadi 1976.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mpasha habari anaingia sokoni, anauliza bei ya nyanya, anaandika: bei ni ile ile ya juzi. Je, amesema kweli? Bado. Nyanya huuzwa kwa fungu, na fungu halina mizani. Juzi lilikuwa na nyanya sita, leo lina nne. Bei haikusogea, lakini mama wa nyumbani amepunguziwa mboga. Hapana budi mpasha habari ahesabu. Vivyo hivyo katika nafaka: pishi ni vibaba vinne, lakini kibaba cha kujaza hadi kilele si sawa na kibaba cha kupangusa kwa kiganja. Bei isiyotajwa kipimo chake haimsaidii msomaji.

Usidhani hayo ni mambo madogo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, 1939 hadi 1945, chakula kilipungua mjini, serikali ikakigawa kwa kipimo. Nayo haikukigawa sawa. Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na fungu lake, kwa aina na kwa kiasi. Aliyekwenda dukani kuulizia mchele tu alijifunza cheo alichopewa katika nchi yake. Na mwaka 1947, vita vimekwisha lakini maisha yangali ghali, makuli wa bandarini waligoma. Mtu aliyekuwa akiandika bei za sokoni wiki kwa wiki hakuwa na haja ya kushangaa.

Tuje kwenye ngoma, maana hapa ndipo wengi walipopitwa. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa, Bibi Titi Mohamed alikabidhiwa kazi ya kuwaongoza wanawake wa chama. Huyu alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini. Vikundi hivyo tayari vilikuwa na wakubwa wao, na wanachama waliozoeana katika arusi na misiba. Wengi wa wanawake hao walijipatia riziki kwa mikono yao: huyu maandazi, yule samaki wa kukaanga, mwingine pombe ya kienyeji. Kwa muda wa miezi michache maelfu yao wakawa wana-TANU. Aliyekwenda ngomani akaandika tu nani alivaa kanga nzuri, habari kubwa ya mwaka ilimpita mbele ya macho.

Na bendi je? Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Mwaka 1964 ikatoka Nuta Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo wapigaji wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Bendi hiyo ndiyo mzizi wa Msondo Ngoma ya leo. Basi mpasha habari mwema haulizi wimbo peke yake. Huuliza kiingilio ni shilingi ngapi, nani amezuiwa mlangoni, na nani anamlipa mpiga ngoma. Mwezi wa Novemba 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na siku hizo habari za dansi zikawa habari za siasa.

Kuna mtego mmoja, nao ni sahani ya bure. Mwenye hoteli akikutambua atakupakulia pilau yenye nyama nyingi kuliko ya jirani yako, wala hatataka senti yako. Ukila, utaandika habari ya sahani ambayo msomaji hataiona kamwe. Lipa, ukae benchi moja na makuli na wachukuzi, ule walacho.

Soko jipya la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake lina miamvuli ya zege ya kukinga maji ya mvua. Mwezi wa Julai 2021 liliungua moto. Kwa siku zile mama ntilie wa karibu na soko alikuwa shahidi mzuri kama ofisa yeyote, kwani yeye huwajua walaji wake, na hujua ni nani hakurudi kula.

Kazi yako kabla ya somo lijalo: nenda kwenye soko la karibu, uchague kitu kimoja kiuzwacho kwa fungu. Andika mistari mitano, utaje siku, bei na idadi. Rudi baada ya siku saba, uhesabu tena. Neno likikushinda kuandika, acha nafasi, utamwuliza mwalimu darasani.