Chukudu kwa mwenye kuanza: jifunze kusimama mbele ya kukimbia

Mbele ya jua kupanda, njia zote zinazoingia mu Kiwanja zinakuwa tayari na sauti ya magurudumu ya mbao. Ni chukudu zinazotoka mashambani na maharagwe, mahindi, ndizi, mihogo, kuni ao makala. Wanaoziendesha, wengi ni vijana. Na kila mwaka wanaingia wapya: mumoja masomo yalikatika, mwingine vita vilimutoa mu kijiji chake, mwingine anatafuta tu franga za kuanzia biashara na pikipiki ni bei kali kwake.

Mutu asiyejua akiona mwendeshaji anashuka mutelemuko na magunia matatu mbele yake, goti moja juu ya ubao, anafikiri ni kitu rahisi. Kuitembeza chukudu, kweli, si shida kubwa. Mutoto wa miaka kumi anaweza kuitembeza fasi tambarare. Shida ni kuisimamisha. Ajali nyingi za wanaoanza zinatoka hapo, na ndio sababu mafundisho haya yanaanza na freni.

Chukudu ni nini hasa

Kwa wasomaji wa Ituri, Maniema ao Tanganyika ambao hawaioni kila siku: chukudu ni ubao mrefu na munene, wenye magurudumu mawili ya mbao, moja mbele na moja nyuma, na mikono miwili ya kushikia kama pembe za ng'ombe. Haina injini, haina pedali wala mnyororo. Inasukumwa kwa muguu, na kwenye mutelemuko uzito wake wenyewe unaivuta. Kubwa zake zinapita mita mbili kwa urefu.

Mafundi wanapenda muti mugumu unaoitwa mumba, pamoja na mikaratusi. Magurudumu yanavikwa mupira uliokatwa ku tairi za gari zilizozeeka, na unapigiliwa misumari. Katikati ya gurudumu munaingia vyuma vya mviringo vyenye gololi ndani, vinavyotolewa ku magari yaliyokufa, ili lizunguke bila kukwama. Wengine wanaongeza springi mbele, kusudi mawe yasivunje mikono ya mwendeshaji. Fundi mwenye kuzoea anaimaliza kwa siku moja mpaka tatu, na ikitunzwa vizuri inatumika miaka miwili ao mitatu.

Inasemwa ilianza kuonekana mu Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulikuwa unaanguka na magari ya kubeba mazao yalikuwa haba. Tangu hapo haijaondoka. Mu Goma, kwenye mawe ya volkano ambayo Nyiragongo iliacha mwaka wa 2002, kuna fasi ambapo mukokoteni wa magurudumu madogo ungeshindwa na chukudu inapita. Mwaka wa 2009 sanamu ya mwendeshaji wa chukudu, yenye rangi ya zahabu, ilizinduliwa Goma, na muzunguko ule wa barabara unaitwa mpaka leo rond-point Tshukudu. Na si sisi peke yetu: mu milima ya Ufilipino kuna watu wa kabila la Ifugao wanaochonga kitu cha namna ile ile, ila wao wanakipamba na vichwa vya wanyama na wanashindana nacho. Huku kwetu hakuna muda wa kupamba.

Fasi ya kujifunzia

Wengi wanajulishwa kazi hii kwa kuona barabara ya Kibumba. Hiyo ni barabara ya kuonea, si ya kuanzia. Kibumba iko mita zaidi ya 1.800 juu ya bahari, na Ziwa Kivu, pale Goma, liko ku mita 1.460. Maana yake mwenye viazi ao kabichi anayetoka Kibumba kwenda Goma anashuka karibu kila fasi, kilomita zaidi ya ishirini, pamoja na malori na pikipiki zinazotaka njia ile ile. Waendeshaji wa huko wanajua kila kona. Mugeni hajui.

Kiwanja ni bora zaidi kwa kujifunza. Muji uko mu bonde la Rutshuru, na kuna njia nyingi za udongo zilizo karibu tambarare kati ya nyumba na mashamba. Udongo mukavu na mugumu ndio unafaa. Muchanga mulaini unakamata gurudumu la mbele, na mutu anaruka juu ya mikono kama aliyesukumwa. Lami pia si rafiki wa siku ya kwanza: chukudu inakimbia zaidi juu yake kuliko mutu anavyofikiri.

Siku za kwanza ziwe bila muzigo. Mwenye kuanza anashika mikono miwili, anaweka goti la muguu mumoja juu ya ubao (wengi wanafunga pale kipande cha mupira ao cha sandali ili goti lisichubuke), na anasukuma na muguu mwingine. Asiangalie gurudumu. Aangalie mita kumi mbele yake, juu mwili unafuata fasi macho yanaangalia. Mwenye kuangalia shimo anaingia mu shimo. Mikono isikazwe sana. Chukudu kubwa haigeuki haraka kama kinga, kwa hiyo kona inaanza kutayarishwa mapema, kwa kuegemea kidogo upande wa kona na kugeuza mikono polepole.

Kisha, mbele ya kufikiria kitu kingine chochote, afanye kazi ya kusimama. Freni ya chukudu ni kipande cha mupira kinachofungwa nyuma, juu ya gurudumu. Mwendeshaji anakikanyaga na muguu, mupira unasugua gurudumu, chukudu inapunguza mwendo. Hakuna freni ingine. Kwa hiyo muguu unaosukuma ndio muguu unaosimamisha, na lazima ujue njia ya kurudi nyuma bila macho kuusaidia. Zoezi ni hili: kuweka jiwe ao tawi njiani, kuja na mwendo mudogo, na kusimama mbele yake. Kisha mwendo wa kukimbia. Anayeshindwa kusimama fasi aliyochagua, mara kumi kwa mara kumi, bado hajafika wakati wa kubeba kitu cha mutu.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza hawaambiwi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, urefu wa njia inayohitajika ili kusimama hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nne. Aliyekuwa anasimama mu mita tano, akikimbia mara mbili, atahitaji mita ishirini hivi. Ndio maana mwenye kuzoea anakanyaga freni juu, kwenye mwanzo wa mutelemuko, wakati chukudu ingali polepole, na anaendelea kuigusa na kuiacha. Anayengoja mpaka katikati ya mutelemuko anakuta mupira umepata moto, unatoa moshi, na hausimamishi tena vizuri. Mvua inaharibu zaidi: maji yakiingia kati ya mupira na gurudumu, freni inateleza kama sabuni. Wakati wa mvua, kwenye mutelemuko, mutu mwenye akili anashuka, anatembea kando ya chukudu na kuizuia kwa mwili wake. Wenzake watamucheka. Wacheke.

Muzigo

Muzigo wa kwanza uwe gunia moja, lisilojaa, na njia iwe ile aliyokwisha kuijua. Gunia linalazwa chini juu ya ubao, karibu na shingo ya mikono, na linafungwa kwa kamba za mupira zilizokatwa ku tairi. Kitu kizito kinakaa chini, chepesi kinakaa juu. Kabichi juu ya viazi, sawa. Viazi juu ya kabichi, hapana, hata kama mwenye mali anaomba. Muzigo uliopanda juu unavuta chukudu upande mumoja kwenye kona, na hakuna mukono wenye nguvu ya kuurudisha.

Kamba zijaribiwe kwa kutikisa chukudu kushoto na kuume mbele ya kuondoka. Gunia likicheza hata kidogo, linafunguliwa na kufungwa upya. Kwenye chukudu, muzigo unaosogea mbele wakati wa freni unamufikia gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma, lile lenye freni, linabaki jepesi na kuanza kuteleza.

Waendeshaji wakubwa wanabeba mamia ya kilo. Hiyo haikuja kwa mwezi mumoja. Na wakati wa kupanda mulima, hata wao hawapandi peke yao: kuna vijana wanaolipwa kusukuma kutoka nyuma, ao waendeshaji wawili wanasaidiana, wanapeleka chukudu moja juu kisha wanarudi kuchukua ya pili. Kijana anayeanza kazi mara nyingi anaanzia hapo, kwa kusukuma. Si kazi ya haya. Ni hapo anajifunza njia, anajua wateja, na anaona namna muzigo unafungwa, bila kuwa na deni la chukudu ya mutu.

Mgongo ndio unaoumia wa kwanza katika kusukuma. Mikono iwe imenyooka kidogo, nguvu itoke mu miguu, na mutu asivute kwa kiuno. Goti linaloegemea ubao saa nyingi kila siku nalo linachoka. Kubadilisha goti si rahisi kwa aliyezoea upande mumoja, ndio sababu ni vizuri kujifunza pande zote mbili tangu mwanzo.

Yako ao ya kukodi

Wengi wanaanza na chukudu ya kukodi: wanatumika, jioni wanamupa mwenyewe sehemu yake, wanabaki na kilichobaki. Siku bila muzigo ni siku ya hasara, na waliofunga barabara hawamuulizi mwenye chukudu kama analipwa. Wakaaji wa Rutshuru wanajua hayo vizuri. Barabara ya kwenda Goma, kilomita karibu 70, imekatika mara nyingi juu ya mapigano, na mu mwezi wa tano 2021 lava ya Nyiragongo pia iliikata upande wa Kibati. Kwa hiyo mapatano yasemwe wazi mbele ya siku ya kwanza, mbele ya mushuhuda: siku njia imefungwa, nani anakula hasara? Gurudumu likivunjika, nani analipa fundi? Muzigo ukimwangika, nani anajibu?

Anayetaka kununua asinunue rangi. Ainue gurudumu la mbele na kulizungusha: likipiga kelele ya kusaga, gololi zimeisha. Atafute ufa kwenye ubao, hasa pale shingo inaingia, juu ubao ukikatika pale unakatika mara moja na mwendeshaji anaanguka mbele. Aangalie misumari ya mupira wa magurudumu, aone kama vichwa vyake vimetoka nje. Kisha akanyage freni chukudu ikiwa inatembea. Muuzaji akikataa ijaribiwe, biashara imeisha.

Kila asubuhi, kazi ya dakika chache: mafuta ya moto yaliyokwisha kutumika ku gari, matone machache, kwenye vyuma vya katikati ya magurudumu, lakini si ku mupira wa freni. Kamba zilizoanza kupasuka zinabadilishwa. Mupira wa freni uliobaki mwembamba kama kidole cha mutoto unatolewa siku ile ile, si kesho. Kipande cha tairi hakigharimu kitu kikubwa, na fundi wa kando ya njia anakipigilia wakati mutu anakunywa chai.

Jambo la mwisho ni makala. Mwenye kubeba ajue yametoka wapi. Miti ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, inalindwa na sheria, na muzigo ukikamatwa, anayekutwa naye njiani ni mwendeshaji. Mwenye mali mara nyingi yuko mbali.