Tulimwita Mwongo: Tony Hawk's Pro Skater 2 na Mashine Zake

Ukiwatajia watu wa historia jina la Bweranyange, mawazo yao yanakimbilia kwa Rumanika, ng'ombe wa chuma wa hazina ya wafalme, na ugeni wa Speke na Grant mwaka 1861. Sawa kabisa, pale ndipo palikuwa makao makuu ya Karagwe ya zamani. Ila mimi niliyekulia pale, jina hilo linanikumbusha pia ugomvi mmoja wa gemu, na siku hizi naona tulimwonea mtu.

Ilikuwa mwaka 2008, likizo ya Desemba. Kayanga kulikuwa na kibanda cha gemu chenye televisheni mbili na PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, iliyofunguliwa na kufungwa mara nyingi mpaka kifuniko kinashikiliwa na raba. Wengi walienda kucheza mpira. Sisi watatu tulikuwa wagonjwa wa Tony Hawk's Pro Skater 2. Mwenye kibanda naye aliipenda kwa sababu zake: kila raundi inaisha kwa dakika mbili, ukitaka nyingine unalipa tena mia. Skeitibodi yenyewe, ule ubao wenye magurudumu manne, hakuna aliyewahi kuiona kwa macho.

Basi akaja binamu yangu kutoka Kampala. Akatazama kidogo, akasema hii gemu anaijua, ila yake inachezwa mkononi, kwenye kimashine kidogo, na mchezaji unamwona kutoka juu pembeni, kama umekaa kwenye paa la nyumba. Tukacheka. Kwetu kamera ilimfuata mchezaji kwa nyuma. Akaongeza kwamba kule Kitintale kuna vijana wanapanda hizo bodi kweli, kwenye uwanja wa saruji. Hapo ndipo tukamwita mwongo waziwazi, na dau la shilingi mia mbili likawekwa. Kwa kura tatu kwa moja, akalipa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma historia ya teknolojia, ndipo nilipojua kwamba alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Gemu ya kwanza ilitoka 1999. Ya pili iliyoifuata, 2000, ilitengenezwa na kampuni ya Neversoft kwa ajili ya PlayStation na kuchapishwa na Activision. Ikapokelewa vizuri mno. Wastani wa wahakiki kwenye Metacritic ni 98 kwa 100. Jambo kubwa jipya lilikuwa manual, yaani kuinua magurudumu ya upande mmoja na kutembea kwa mizani kwenye sehemu tambarare. Linaonekana dogo, lakini katika gemu ya kwanza mnyororo wa mitindo ulikatika ukishatua chini. Sasa unatua, unashika mizani, unaunganisha na mtindo mwingine, na pointi zinazidishwa. Dakika mbili zikawa hesabu ya tamaa na hofu: niongeze mtindo mmoja tena, au nitue salama? Sisi tulianguka sana, aisee.

Sasa, gemu ikiuza hivyo, kila mwenye mashine anaitaka. Hapo hainakiliwi tu kama faili la muziki. Dreamcast ilikuwa na nguvu zaidi, na Treyarch wakatoa toleo lenye picha safi kuliko letu. Nintendo 64 ilitumia katriji badala ya CD. Katriji kubwa kabisa za mashine hiyo zilibeba megabaiti 64, wakati CD moja inabeba zaidi ya 600, hivyo Edge of Reality walilazimika kuubana muziki. Game Boy Color ikapata toleo la picha bapa, ambalo kusema kweli ni gemu nyingine yenye jina lilelile. Xbox ikaja 2001 na toleo lililounganisha viwanja vya gemu zote mbili.

Ila ya binamu ndiyo inayonivutia. Ilikuwa Game Boy Advance, toleo la 2001 la Vicarious Visions. Prosesa ya kimashine hicho ilienda megahezi 16.8, nusu ya ile ya PlayStation, na haikuwa na kifaa cha ndani cha kukokotoa picha zenye kina. Skrini ilikuwa na nukta 240 kwa 160 tu. Kuchora uwanja mzima upya kila mchezaji anapogeuka kusingewezekana. Wakafanya hivi: uwanja ulichorwa kabisa mapema, ukionekana kutoka juu pembeni, na mashine ikabaki na kazi ya kumkokotoa mtu mmoja tu anayeteleza juu ya picha hiyo. Ni kama kuchora mandhari ukutani kisha kumchezesha mwanasesere mbele yake. Kamera ikapotea. Manual ikabaki, mnyororo ukabaki, dakika mbili zikabaki.

Na uwanja wa Kitintale? Upo Kampala kweli. Vijana wa mtaa waliujenga kwa mikono yao katikati ya miaka ya 2000, yaani wakati sisi tunacheka ulikuwa tayari unatumika.

Kinachoniuma ni kwamba nilipaswa kujua. Nimekulia kwenye simulizi za Ruhinda, ambazo Karagwe zinasimuliwa hivi, Ankole vile, Ihangiro kwa mkazo mwingine. Israel Katoke, aliyeandika historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu kikatoka 1975, alifanya kazi na masimulizi ya namna hiyo, na mwanafunzi wa historia hufundishwa mapema kwamba matoleo mawili yakipishana, kwanza uliza kila msimulizi alikuwa amesimama wapi. Sisi tulipiga kura.

Mwezi uliopita nilimpigia simu. Ananunua kahawa siku hizi, na kelele za mashine ya kukoboa zilikuwa nyuma yake. Nikamweleza yote: prosesa, pembe ya kutazamia, mwaka 2001. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mia mbili ya 2008 nitairudisha na riba au bila riba.