Njia Panda ya Unyanyembe: Jinsi Bendi za Tabora Zilivyopata Jina

Msafiri aliyeingia Tabora kwa miguu, kama walivyoingia wazee wetu, alilakiwa na miembe kabla ya kulakiwa na nyumba. Miembe hiyo imefuata njia ya misafara tangu Bagamoyo hadi Ujiji, masafa yapatayo kilomita 1,200, na katika masafa hayo yote hapakuwa na kituo kilichopendwa kuliko Unyanyembe, nchi ya Tabora yenyewe, ambapo wapagazi waliokwisha kutembea majuma kwa majuma, kila mmoja na frasila mbili begani, walitua mizigo yao, wakanawa vumbi, wakapumzika siku nyingi wakingoja pembe zinunuliwe au vita vya mbele vitulie. Palipotuliwa mizigo ngoma haikukawia, na kwa sababu hiyo mimi naianzia hapo habari ya bendi za dansi za Tabora, ingawa wengi wakiisimulia huianzia kwenye gita la kwanza.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la zamani la Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Oman na Waswahili wa mwambao wamekwisha kujenga tembe zao na kupanda bustani zao, na karibu nao waliwakuta Wanyamwezi, watu ambao safari kwao ilikuwa kazi na fahari pamoja, hata watoto wao, kwa maelezo ya wageni wa zama zile, wakijifunza kubeba wakiwa wadogo kwa vipande vidogo vya pembe za ndovu. Mbele ya msafara alitangulia kirongozi, na ngoma ilipolia watu walijipanga na nyimbo zikaanza, kwani mzigo mzito hauendi kwa kimya. Mnyamwezi aliyeshuka pwani alirudi na kanzu, shanga, na lugha ya Kiswahili. Alirudi pia na ngoma alizoziona Bagamoyo, akaziweka kando ya zile alizoziacha nyumbani, za waswezi na za manyanga, asione taabu yoyote kuzicheza zote.

Wako wasemao kwamba dansi ni mgeni wa juzi aliyeletwa na santuri, na kwamba watu wa bara waliiga tu yaliyofanywa na watu wa Dar es Salaam. Kauli hiyo mimi siikubali. Mji ambao kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni na kuwapumzisha ulikuwa umekwisha kuizoea biashara ya muziki zamani sana: kupokea mahadhi ya mbali, kuyachuja, kisha kuyapeleka mbele yakiwa na ladha nyingine. Gita lilipofika lilikuta mlango u wazi.

Lilifika kwa reli. Wajerumani walikifikisha chuma chao Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wakati vita vimekwisha kubisha hodi. Majeshi ya Wabelgiji yakauchukua mji Septemba 1916. Na Waingereza, waliorithi nchi baada ya vita, wakaongeza tawi la kwenda Mwanza lililokamilika mwaka 1928. Tangu hapo aliyetoka Dar es Salaam, aliyetoka Ziwa Tanganyika na aliyetoka Ziwa Nyanza, wote walikutana katika stesheni moja, aghalabu wakilala usiku mmoja au zaidi kungoja treni nyingine. Alhasili, njia panda ya wapagazi iligeuka njia panda ya makarani, askari, wanafunzi na wafanyabiashara, na kila mmoja wao alishuka na kitu mkononi.

Walioshuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza walishuka na beni, ngoma ile ya vyeo vya kijeshi na ushindani mkali wa Marini na Arinoti, iliyozaliwa katika miji ya mwambao na kusambazwa barani na askari na wapagazi wa vita. Walioshuka katika miaka ya 1930 walishuka na santuri za His Master's Voice, zile zilizojulikana kwa herufi GV, ambazo ndani yake zilikuwamo nyimbo za Kuba. Na vijana waliozisikiliza hawakuelewa hata neno moja la Kihispania, lakini mapigo waliyaelewa mara moja, kwa kuwa mapigo hayo yalikuwa yametoka Afrika na sasa yalikuwa yakirejea kwao. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imekwisha kuasisiwa mwaka 1932, na miji ya bara nayo ikaanza kuwa na vyama vyake vya dansi, kila chama na viongozi wake, ada zake, na wapenzi wake wasiotaka kusikia sifa za chama kingine.

Kutokana na vyama vya namna hiyo ndipo Tabora ilipotoa bendi yake ya kwanza kujulikana nje ya mipaka ya mji, nayo ni Kiko Kids, iliyoongozwa na Salum Zahoro. Katika miaka ya 1950, wakati bendi nyingi za bara zilikuwa zikijulikana mpaka mwisho wa sauti ya tarumbeta yake, nyimbo za Kiko Kids zilitiwa katika santuri za chapa ya Mzuri, iliyokuwa mali ya nyumba ya biashara ya Assanand ya Mombasa, na santuri hizo zikasafiri mahali ambapo Zahoro mwenyewe hakuwa amekanyaga. Ni lazima msomaji wa leo afikiri kidogo ili atambue uzito wa jambo hilo. Santuri ya zama hizo ilikuwa sahani nyeusi, nzito, inayovunjika kama kigae. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu na ushei, kwa hiyo wimbo ambao ukumbini ungeendelea mpaka wachezaji wachoke ulipaswa kubanwa, beti zipunguzwe, na kila mpigaji ajue pa kuingilia na pa kutokea. Mwenye gramafoni alizungusha mkono wake, akabadili sindano, akaishusha taratibu, na watu waliokaa mkekani wakanyamaza. Kijana wa Tanga au wa Kisumu aliyemsikia Zahoro kwa njia hiyo alijua kwamba Tabora si mahali pa kubadilishia treni tu.

Kwa wale ambao hawakuziwahi zama hizo, dansi la mji wa bara lilikuwa namna hii. Wapigaji walikuwa watu wa kazi: fundi cherehani, karani, mtumishi wa reli; na vyombo vilikuwa mali ya chama, si mali ya mpigaji, hata mtu akihama aliliacha gita nyuma yake. Jioni ya Jumamosi ukumbi ulifagiwa na kunyunyiziwa maji ili vumbi litulie, taa za karabai zikajazwa mafuta ya taa na kupigwa pampu mpaka utambi ukawa mweupe, na mlangoni akakaa mtu mwaminifu na sanduku la viingilio. Wanaume walivaa suruali zilizopigwa pasi ya mkaa, wanawake wakaja na khanga mpya au gauni, na mwimbaji hakuanza kwa haraka; alianza kwa wimbo wa polepole, wenye maneno ya kusikilizwa, na baada ya maneno kwisha ndipo magita yalipoachiwa, tumba zikapanda, na viatu vikaanza kusugua sakafu.

Si wote waliobaki Tabora. Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega katika nchi hiyo hiyo ya Wanyamwezi, aliunda bendi yake Dar es Salaam mwaka 1959, na akili yake naistaajabia kwa jina aliloichagulia: akiwa pwani, katikati ya watu wa pwani, aliiita Western Jazz, kwa heshima ya Jimbo la Magharibi alikotoka. Bendi hiyo, kwa mtindo wake wa Saboso na kwa gita la solo la Rashid Hanzuruni, ilikuja kuwa miongoni mwa bendi zilizopendwa mno nchini. Zamani Mnyamwezi alishuka pwani akibeba pembe za bwana mwingine. Huyu alishuka na jina la kwao limeandikwa kwenye ngoma.

Waliobaki Tabora waliijenga Tabora Jazz, yenye mtindo wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz, iliyojichukulia jina la utemi wa Unyanyembe, uliokuwa wa Isike, mtemi aliyewasha baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipokuwa wameivunja. Mji mmoja wenye bendi mbili kubwa haulali mapema, na ushindani wao, ambao mzee aliyepata kucheza beni angeutambua bila kuambiwa, uliwanufaisha wasikilizaji wa nchi nzima. Nyanyembe Jazz ndiyo iliyotupa Rangi ya Chungwa, wimbo ambao wengi wanaouimba leo hawajui ulitungwa na nani wala wapi. Tabora Jazz ikatupa Asha Mwana Seif na Dada Asha, na huu wa pili una historia inayostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Mtunzi wake, Shem Karenga, hakuwa mwenyeji wa Tabora. Alikuwa mtu wa Kigoma, na alianzia katika Lake Tanganyika Jazz, bendi ya mji ambao ng'ambo yake ya pili ni Kongo, ambapo redio na santuri za Kinshasa zilisikika kwa urahisi kuliko habari za Dar es Salaam. Mapema katika miaka ya 1970 alipanda kuja Tabora na kujiunga na Tabora Jazz. Tazama basi ramani ya jambo lenyewe: mapigo ya Kongo yalivuka ziwa, yakashuka Kigoma, yakaja kwa reli mpaka Tabora, na hapo yakakutana na Kiswahili chenye adabu ya pwani kilicholetwa kwa njia ile ile, lakini kutoka upande wa pili, na misafara ya karne iliyotangulia. Ndiyo maana nyimbo za Tabora Jazz zina magita ya magharibi na maneno ya mashariki. Hilo halikupangwa na mtu. Liliwekwa na jiografia, na Karenga na wenziwe wakawa na masikio ya kulipokea.

Kilichowapeleka kwenye umaarufu wa taifa kilikuwa redio. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ilizirekodi bendi za mikoani kwa wingi, na kwa kuwa serikali ilitaka nchi isikie muziki wake yenyewe, mkulima wa Songea alizijua sauti za Tabora kama alivyozijua za majirani zake. Bendi iliyopata zamu ilikusanyika studio na vyombo vyake, ikapiga wimbo mzima kwa pamoja, mwimbaji na tarumbeta wakigawana vinasa sauti vichache, na aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Santuri nazo zilichapwa Nairobi, sasa zikiwa ndogo na nyepesi, za mizunguko 45, na wimbo mmoja aghalabu uligawanywa pande mbili: upande wa kwanza maneno, na magita yalipoanza tu kuchemka sauti ilififia, ikakulazimu uinuke, uigeuze sahani, uisubiri sindano ishike, ndipo dansi likaendelea pale lilipokatwa. Yeyote aliyekuwa na santuri hizo anaikumbuka subira ile fupi, chumba kizima kimesimama mguu mmoja mbele.

Katika miaka hiyo bendi ya Kitanzania iliweza kufika hata Japani, kama ilivyofika Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe katika maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970. Tabora haikuitwa Osaka, na sioni kama ilipungukiwa na chochote kwa hilo. Lakini ni haki kusema kwamba umaarufu wa wapigaji wake haukuwa utajiri. Nyimbo zilikuwa za redio, vyombo vya chama, na mapato ya mlangoni ya watu wengi. Mipaka ya Kenya na Tanzania ilipofungwa mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia ya kwenda Nairobi kurekodi ikawa ngumu. Vita vya Kagera vikafuata, na mafuta ya petroli, nyuzi za gita na vipuri vya vikuza sauti vikawa adimu. Bendi ya mkoani inayoishi kwa kuzunguka wilaya kwa gari haistahimili hali hiyo kwa miaka mingi.

Basi watu walishuka pwani, kama ilivyokuwa desturi ya nchi hiyo. Karenga alihamia Dar es Salaam, na huko akaja kuongoza bendi iliyoitwa Tabora Jazz Star, akiliweka jina la mji kilomita zaidi ya mia nane mbali na mji wenyewe, mpaka alipofariki Desemba 2014. Zahoro naye, ambaye alikuwa ameanza kabla ya uhuru, alionekana tena katika miaka ya 1990 akiwa miongoni mwa wazee waliounda Shikamoo Jazz, kundi la wapigaji waliokwisha kustaafu ambao walipewa vyombo wakavishika kama watu waliorudishiwa mali yao. Mwaka 1995 wazee hao walikwenda Uingereza pamoja na Bi Kidude wa Unguja na Fundi Konde wa Kenya, wakawapigia watu waliozaliwa baada ya santuri zao nyingi kuvunjika, nao wakacheza.

Tabora yenyewe bado ina stesheni yake, na miembe bado imesimama kando ya njia ya Kwihara, iendayo kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi wapya. Jioni moja nilipopita Isevya nilisikia kutoka dukani kwa muuza vocha Rangi ya Chungwa ikipigwa kwa simu ya mkononi. Sauti ilikuwa nyembamba, besi imepotea kabisa, na kijana wa kaunta, aliyekuwa akihesabu chenji yangu, aliimba kibwagizo chote bila kukosea neno. Nilimwuliza kama ajua wimbo huo ni wa bendi gani. Alisema ni wa bendi ya zamani, labda ya Dar es Salaam. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa mjini, nikamwambia ni wa hapa hapa. Akaurudia kutoka mwanzo.