Utetezi mbele ya Miungu: Lugha ya Sala za Tauni za Mfalme Mursili II wa Wahiti

Katika maandishi ya Wahiti yaliyofukuliwa Hattusa, mji mkuu wao wa kale uliopo katika Uturuki ya leo, yamo maagizo kwa watumishi wa mahekalu. Maagizo hayo yanauliza kama moyo wa miungu unatofautiana na moyo wa wanadamu, kisha yanajibu kwamba hautofautiani. Kama vile mtumwa anavyooga na kuvaa nguo safi kabla ya kumwandalia bwana wake chakula, ndivyo anavyotakiwa kufanya kuhani. Miungu wa Wahiti hula, hunywa, hukasirika, na hata huhama. Kisa cha Telipinu kinasimulia jinsi mungu huyo alivyoondoka kwa hasira akiwa amevaa viatu vyake kinyume, wa kulia mguu wa kushoto. Mifugo ikawakataa watoto wao, njaa ikaingia nchini, na aliyemwona mwishowe alikuwa nyuki.

Ni rahisi kuyaona haya kuwa ni fikra za kitoto. Hata hivyo, sala za tauni za Mfalme Mursili II, aliyetawala kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 K.K., zinaonyesha kwamba kumfananisha mungu na bwana kuliwapa Wahiti jambo kubwa: haki ya kujitetea mbele yake.

Tauni ilianza wakati wa Suppiluliuma I, baba yake Mursili. Majeshi ya Hatti yaliishambulia Amka, eneo lililokuwa chini ya Misri. Mjane wa Farao akaomba apewe mmoja wa wana wa Suppiluliuma awe mumewe. Mwana huyo akatumwa, akauawa. Baba akalipiza kwa vita, akashinda, na mateka wa Kimisri walioletwa Hatti wakaja na maradhi. Arnuwanda, kaka yake Mursili, alifariki muda mfupi baada ya kurithi kiti. Mursili alipoitunga sala inayoitwa ya pili, anasema watu walikuwa wanakufa kwa mwaka wa ishirini.

Katika sala hiyo mfalme anaeleza uchunguzi wake. Aligundua mabamba mawili ya kale. Moja lilihusu matambiko ya mto Mala, yaani Frati, yaliyokuwa yameachwa. La pili lilihusu mkataba wa Hatti na Misri uliotiwa kiapo mbele ya Mungu wa Tufani, ambao baba yake aliuvunja kwa kuishambulia Amka. Mfalme akapiga ramli, na ramli ikathibitisha yote mawili. Hapa nyaraka za serikali zinatumika kama ushahidi wa kidini, jambo linalostahili kuzingatiwa na yeyote anayedhani kwamba imani ya kale haikuhitaji kumbukumbu.

Neno la Kihiti kwa sala ya aina hii ni *arkuwar*. Kulitafsiri kwa “dua” kunapoteza kiini chake, kwani maana yake iko karibu zaidi na utetezi anaoutoa mshitakiwa. Mursili anakiri kwamba baba yake alikosa na kwamba kosa la baba humfikia mwana. Akishakiri, anageuka na kudai. Mtumwa anayekiri kosa lake, anasema, bwana wake hutulia na kumsamehe. Ndege hukimbilia kiota chake, na kiota humwokoa. Fidia imekwisha kulipwa, na zaidi, kwa vifo vya watu wengi. Hoja kali kuliko zote imejengwa juu ya maslahi ya miungu wenyewe: wanaowaokea mikate na kuwamiminia vinywaji wanakufa, basi ni nani atakayewalisha? Huo si unyenyekevu mtupu. Ni maneno ya mtumwa anayejua vema kwamba bwana wake naye anamhitaji.

Tatizo lingine la tafsiri linahusu *waštul*, neno ambalo watafsiri wamezoea kulipa sura ya “dhambi”. Katika Kiswahili, “dhambi” limebeba mafundisho ya Uislamu na Ukristo kuhusu dhamiri ya mtu binafsi na hukumu ya akhera. *Waštul* ya Mursili haimo humo. Ni deni ambalo mtu anaweza kulirithi bila kujua, likaulizwa kwa ramli na kulipwa kwa tambiko. “Kosa” linafaa zaidi, kwa kuwa latosha kubeba uzembe wa kuacha tambiko la mto pamoja na uzito wa kuvunja kiapo.

Hata baada ya utetezi wote huo, mfalme hana hakika kwamba amelifikia kosa lenyewe. Anawaomba miungu kwamba, ikiwa kuna sababu nyingine, wamwonyeshe kwa ndoto, au ijulikane kwa ramli, au nabii aitamke.