Sonona kwa binti mjamzito: Si uchovu wa mimba tu

Tanga. Binti wa miaka 16 mwenye mimba akiacha kula, akikosa usingizi na kushinda chumbani, nyumbani watasema mimba inamsumbua. Wengine watasema ni aibu tu, itaisha. Huenda ni kweli. Huenda pia ni sonona, ugonjwa unaotibika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, huwapata karibu asilimia 16 ya wajawazito na asilimia 20 ya waliojifungua. Kwa binti mzigo unazidi: shule imekatika, wazazi wana hasira, na aliyempa mimba mara nyingine kaikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata mimba.

Kwa binti wa kijijini Handeni au Korogwe, kliniki ya wajawazito ndiyo nafasi kubwa ya kukutana na mtaalamu. Hapo ndipo elimu hii inapaswa kuanza, mimba ikiwa bado changa.

Shida ni kwamba uchovu na kukosa hamu ya kula ni mambo ya kawaida kwa mjamzito. Ndiyo maana dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lenye maswali 10, huuliza zaidi kuhusu hisia: Bado anacheka? Anajilaumu bila sababu? Ana hofu isiyoeleweka? Amewahi kufikiria kujidhuru? Mkunga anaweza kuyauliza kwa dakika chache, ila faragha. Binti hatafunguka mbele ya foleni, wala mbele ya mama aliyemleta huku amenuna.

Baada ya kujifungua, kulialia kwa siku kadhaa ni kawaida. Kukipita wiki mbili, arudi kliniki.

Somo peke yake halitoshi. Binti anahitaji mtu wa karibu, awe mama, shangazi au bibi, anayejua dalili na atakayempokea mtoto ili yeye alale. Anahitaji pia kujua kuwa maisha hayajaishia hapo: tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shule. Hilo aambiwe akiwa bado na mimba, siyo mtoto akishatambaa.

Sonona ikishaingia, tiba ni ushauri nasaha, na wengine huhitaji dawa. Asinunue dawa kiholela, wala asiache aliyoandikiwa bila kumwona daktari.

Akisema anataka kufa au anahofia kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliye chini ya miaka 18 anaweza pia kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.